Tulimsindikiza Mwenzetu Dansini

Kikao cha kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimekwisha. Daftari la michango lilikuwa limefungwa, vikombe vya chai vimekusanywa, na kila mmoja alikuwa akitafuta viatu vyake mlangoni. Ndipo mwenzetu mmoja, mtu mzima kuliko sisi wote, mama ambaye hajapata kutuomba kitu zaidi ya kiberiti, aliposema bila kututazama usoni: "Jumamosi nataka mnisindikize dansini."

Tulicheka. Tulidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Mama huyu, ambaye kwa heshima yake hatutamtaja jina, ni mke wa mpiga gitaa. Walifunga ndoa mwaka 1988. Tangu hapo mume wake amepiga katika bendi za dansi za Dar es Salaam, hii ikifa anahamia ile, na tangu hapo mkewe hajaingia ukumbini hata mara moja kumsikiliza. Redioni amemsikia. Sebuleni akifanya mazoezi amemsikia mpaka amechoka. Lakini jukwaani, pamoja na wenzake wote, mbele ya watu, hajamwona. Sasa shemeji yetu huyo ana kisukari, vidole vya mkono wa kushoto vimeanza kufa ganzi, naye amemwambia mkewe kwamba mwisho wa mwaka anatundika gitaa.

"Ataacha," mama alituambia, "na mimi nitabaki sijui alikuwa anafanya nini miaka yote hiyo."

Mama mpenzi unayesoma, labda wewe ungejibu papo hapo. Sisi hatukujibu. Tuliomba tukaulize nyumbani.

Nyumbani kwetu

Huko nyumbani majibu yalikuwa ya kila namna. Mume wa mmoja wetu alisema, "Mke wangu aonekane baa? Watu watasemaje?" Akasahau kwamba yeye mwenyewe watu wamekuwa wakimwona huko kila mwisho wa mwezi, na hatujasikia wakisema lolote. Wa pili alicheka tu na kutoa nauli. Wa tatu aliuliza swali la maana zaidi: mnarudi saa ngapi, na nani atawaleta? Tulilichukua swali hilo, tukaagana na kijana wa mtaani mwenye bajaji atufuate saa saba na nusu za usiku, naye tukampa nusu ya malipo mapema ili asilale.

Kuhusu kanisa pia tulijadiliana. Mmoja wetu ni mwalimu wa watoto wa Jumapili, akaona atakuwa kikwazo kwa wazazi wakimwona. Mwenzake akamkumbusha kwamba kijana anayepiga gitaa katika kwaya yetu alifundishwa na huyu huyu shemeji, tena bure, kwenye baraza la nyumba yake. Jambo hilo lilitunyamazisha kidogo. Ni kweli kwamba gitaa la dansi na gitaa la kwaya hapa kwetu ni ndugu wa karibu. Cosmas Chidumule, ambaye sauti yake wengi tuliijua kwanza kupitia Mlimani Park, aliacha dansi akageukia nyimbo za Injili. Remmy Ongala naye alifanya hivyo katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Desemba 2010. Vidole na sauti vilikuwa vile vile.

Tuliamua kwenda. Tulikuwa wanne: mwenye safari yake, na sisi watatu.

Mke wa mwanamuziki

Kabla ya kufika huko ukumbini, lazima tuseme maisha ya mama huyu yalivyokuwa, maana bila hayo usiku wenyewe hauna maana.

Alipoolewa, mumewe alikuwa mwajiriwa wa bendi ya shirika moja la umma. Wasomaji wetu vijana huenda hawajui kwamba zamani bendi nyingi za nchi yetu zilikuwa za vyama, viwanda, mashirika na majeshi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Jina lilibadilika kila chama kilipobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo watu wanaiita Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Kiwanda cha kuchonga almasi kule Iringa kilikuwa na Tancut Almasi. Mlimani Park, wanaoitwa Sikinde, walianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 wakachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao.

Kwa mke, mpango huo ulikuwa na faida moja kubwa: mshahara wa mwezi. Mume alitia sahihi kama karani. Lakini vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, hata gitaa alilolipiga miaka sita halikuwa lake. Ubinafsishaji wa mashirika ulipokuja miaka ya 1990, bendi nyingi za namna hiyo zilikufa. Ya shemeji yetu nayo ilikufa. Alirudi nyumbani mchana na mfuko wa plastiki, ndani yake nyuzi kuukuu na shati la sare. Kuanzia siku hiyo walikula kutokana na mgawo wa mlangoni. Watu wakija wengi, kuna nyama. Mvua ikinyesha, mama anapika mchicha.

"Niliijua hali ya hewa kuliko wavuvi," alituambia.

Usiku hakuwa na mume. Jumatano mpaka Jumapili dansi, mchana mazoezi, na mara mbili tatu kwa mwaka ziara za mikoani za wiki nyingi. Watoto walifundishwa kunyamaza asubuhi kwa sababu baba amelala. Mtoto wa pili alizaliwa baba akiwa Tabora. Na jambo lililomuuma zaidi, alisema, ni redio. Alikuwa amepanga foleni ya maji, mtoto mgongoni, redio ya jirani ikapiga wimbo wa bendi yao kuhusu mume anayemsifu mke wake mvumilivu. Wanawake wa foleni wakaufurahia wimbo. Yeye akamwaga maji aliyokwisha kuteka, akarudi nyumbani na ndoo tupu.

Hilo la wimbo si jambo dogo. Ukisikiliza nyimbo za dansi za Tanzania za miaka ya 1970 na 1980 utaona nyingi zinaongelea nyumba zetu: mume mlevi, mke aliyekimbia, mawifi, watoto wa kambo, talaka iliyotolewa kwa hasira, barua isiyojibiwa. Zilikuwa kama baraza la usuluhishi lenye magitaa. Lakini ukitazama nani walikuwa wamekaa ukumbini, wake wenye ndoa walikuwa wachache, na jukwaani wanawake walikuwa wachache zaidi. Tunakumbuka sauti ya Kida Waziri katika Vijana Jazz. Tunajua pia kwamba mwaka 1965 Dar es Salaam ilipata bendi ya wanawake watupu, Women Jazz, waliopiga wenyewe magitaa na matarumbeta. Mambo hayo yalikuwapo. Hata hivyo kwa kawaida mambo yetu yaliimbwa na wanaume, wakaimbiwa wanaume, sisi tukayapata redioni tukichambua mchele.

Na je, mama huyu hakupata hata siku moja kufika ukumbini? Alifika mara moja, mwaka 1994. Mtoto wao wa kwanza alipata degedege usiku. Alimbeba, akaenda kwa miguu mpaka ukumbi ambako mume alikuwa akipiga, ili apate fedha ya hospitali. Kijana wa mlangoni alimwomba tiketi. Alisema yeye ni mke wa mpiga gitaa. Kijana akasema, "Mama, kila siku wanakuja watatu wanaosema hivyo." Alisimama nje, akisikia muziki kupitia ukutani, mpaka mwuza sigara alipomhurumia akamwazima fedha. Mtoto alipona, sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Lakini maneno yale ya kijana yalikaa.

Watatu. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakumwuliza mumewe ni watatu gani.

Mlangoni

Siku ya Jumamosi tulipanda mwendokasi kutoka Kimara, tukashuka Magomeni Mapipa saa mbili na nusu za usiku. Mwenzetu alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi ya binti yake, amejifunga kilemba, na mkononi ameshika pochi kama mtu anayekwenda benki. Hakuwa amemwambia mume kwamba anakuja. Alimpikia chakula cha jioni saa kumi na moja kama kawaida, akampa shati lililopigwa pasi, akamuaga.

Ukumbi wenyewe ni mdogo. Ni ua wa baa wenye paa la mabati upande mmoja na upande mwingine mbingu, sakafu ya saruji, viti vya plastiki, jukwaa lililoinuka kama ngazi mbili. Kiingilio kilikuwa shilingi elfu tano. Tulilipa, tena mwenzetu alisisitiza alipe mwenyewe, na tiketi yake hakuitupa. Aliikunja akaitia kwenye pochi. Tulikaa meza ya pembeni, karibu na mwembe, tukaagiza soda na sahani moja ya mishikaki ya kugawana.

Watu walikuwa kama sitini hivi. Tulitazamia vurugu, tukakuta wazee. Kulikuwa na wastaafu waliovaa mashati ya kitenge, mabwana wenye fimbo, wake zao wawili watatu, na kundi la vijana waliokaa nyuma wakitazama simu. Ushabiki wa Msondo na Sikinde, ambao zamani uligawa mji kama Simba na Yanga, bado ulikuwapo katika mazungumzo ya meza za jirani, ila sasa mabishano yalikuwa juu ya marehemu. Muhidin Gurumo, aliyeziimbia bendi hizo zote mbili, amefariki tangu Aprili 2014, lakini meza iliyo mbele yetu iligombana juu yake kana kwamba amechelewa tu kufika.

Tusifiche mabaya. Choo kilikuwa kibaya. Spika moja ilikoroma. Mlevi mmoja alitujia mara mbili akitaka kucheza na mwalimu wetu wa Jumapili, na mara ya pili mhudumu alimwondoa kwa mkono. Bia ilikuwa nyingi mezani kwa watu ambao, kwa tulivyowaona, walikuwa na wajukuu wanaosubiri ada. Mwalimu wetu alikaa na mkoba mapajani usiku mzima, akatwambia waziwazi kwamba hatarudi tena. Tunaiheshimu kauli yake.

Mashati

Saa tatu na robo wanamuziki walipanda jukwaani. Walikuwa kumi: waimbaji watatu, magitaa matatu, tarumbeta, saksafoni, drams na tumba. Wote walivaa mashati ya bluu yenye mstari mweupe kifuani.

Mwenzetu alishika mkono wa aliyekaa karibu naye. "Yale mashati," alisema. Aliyajua. Bendi ilipokosa fedha ya fundi, ni yeye aliyeyashona yote kumi kwa cherehani yake, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi ya sigara. La mpiga tarumbeta alilipanua mara mbili. Alikuwa ameyaona moja moja, yakining'inia kwenye kamba. Hakuwa amewahi kuyaona yamesimama kwa mstari, na watu ndani yake.

Mumewe alisimama kushoto, nyuma kidogo, karibu na drams. Hakutuona.

Hapa tueleze kidogo muziki wenyewe, kwa ajili ya dada zetu ambao kama sisi waliusikia kwa redio tu. Dansi la kwetu lina mizizi ya mbali. Santuri za Kuba zilizouzwa Afrika kuanzia miaka ya 1930 zilisikilizwa sana huku pwani, na baadaye wanamuziki kutoka Kongo wakaja na magitaa yao. Vijana wa hapa walichanganya hayo na ngoma za nyumbani. Wimbo huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu: hapo ndipo maneno yote yanasemwa, kisa kinaelezwa kuanzia mwanzo, na watu wengi wanakaa wakisikiliza. Kisha matarumbeta yanaingia, drams zinabadilika, na sehemu ya pili inakuja kwa kasi. Wenyewe wanaiita chemko, kama sufuria. Hapo waimbaji wanarudia mstari mmoja, magitaa yanajibizana, na viti vinabaki vitupu.

Kati ya magitaa, lile la solo ndilo linalosikika na kusifiwa. La besi unalisikia tumboni. Gitaa la rithimu, ambalo ni la shemeji yetu, hurudia mapigo mafupi yale yale kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtu asiyejua hawezi kusema lipo. Tulimwuliza mzee wa meza ya jirani kazi yake ni nini. Alifikiri, akasema, "Toa chumvi kwenye mchuzi, utajua."

Mwenzetu hakuhitaji kuelezwa. Mapigo yale aliyajua kuliko wimbo wowote wa kanisani. Kila mchana, tangu 1988, yalikuwa yakitoka sebuleni: ka-ka, kaka-ka, ka-ka, kaka-ka, saa nzima, peke yake, bila wimbo, bila mwanzo, bila mwisho. Alikuwa akipika kwa mapigo hayo na kuumwa kichwa kwayo. Aliwahi kumwambia mumewe kwa hasira kwamba hata mtoto anayegonga sufuria hubadilisha. Usiku ule, wimbo wa pili ulipoanza, aliyasikia yale yale, na mara besi ikaja chini yake, tumba ikaja pembeni, solo ikapanda juu, sauti tatu zikaingia kwa pamoja. Tulimwona akitikisa kichwa polepole. Hakulia, wala hatutaki kusema alilia. Alisema tu, "Kumbe."

Baada ya nyimbo mbili alisema tena, "Kumbe alikuwa anapiga nusu."

Mwanamke mwenye gauni la kijani

Kama kila kitu kingekwenda hivyo, tungeandika makala fupi. Lakini katika wimbo wa nne, mama mmoja wa makamo, mwenye gauni la kijani, aliinuka meza ya mbele, akacheza mpaka jukwaani, akawatunza waimbaji elfu moja moja. Kutunza si ajabu; ndiyo desturi, na kwa bendi ya leo ni sehemu ya chakula. Kisha akapita nyuma ya waimbaji, akaenda moja kwa moja kwa mpiga gitaa la rithimu, akamwita kwa jina la utani, jina ambalo sisi hatukuwahi kulisikia, akamwekea elfu kumi mfuko wa shati na kumpigapiga begani. Shemeji akacheka. Ilikuwa kicheko cha mtu wanayejuana siku nyingi.

Mezani kwetu pakawa kimya. Mmoja wetu akaanza kuzungumzia mishikaki. Mwenzetu akamwambia kwa upole, "Niache nitazame."

Mapumziko yalikuwa saa nne na nusu. Hapo ndipo shemeji alipoteremka jukwaani, akapita karibu na mwembe akielekea chooni, akamwona mkewe. Tunaweza kusema kwa hakika kwamba hatujapata kumwona mwanamume mzima akishtuka namna ile. Alisimama na taulo shingoni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa," mkewe alimjibu. "Nimelipa kiingilio, Baba watoto."

Alivuta kiti, akakaa. Sisi watatu tukakumbuka ghafla kwamba tulitaka kuona ua wa upande wa pili. Tulikaa huko tukinunua karanga ambazo hatukuzihitaji, tukitazama kwa mbali vichwa viwili vilivyoinamiana. Waliongea muda mrefu. Mara moja mume alionyesha kwa mkono meza ya mbele. Mara moja mke aliinua vidole vitatu. Mume alikaa kimya, kisha akaongea tena akitazama chini. Aliyejua kilichosemwa pale ni hao wawili na mwembe.

Tuliporudi, mwenzetu alituambia, "Nimeuliza. Amenijibu. Yamebaki yetu." Uso wake haukuwa wa furaha wala wa huzuni. Ulikuwa wa mtu aliyeshusha mzigo, sasa anapima bega kama bado linauma. Hatukumwuliza zaidi, na mpaka leo hatujamwuliza. Wasomaji wengine watatulaumu kwa kutokuwa na habari kamili. Na tuwe hivyo.

Tunalosema ni hili: kabla ya sehemu ya pili kuanza, shemeji alimshika mkewe mkono akampeleka jukwaani, akamtambulisha kwa wenzake mmoja mmoja. Mpiga tarumbeta alipoambiwa ni nani, aliinama akashika ncha za shati lake na kusema, "Shikamoo Mama. Sasa limenibana tena." Yule mwenye gauni la kijani alikuja naye kusalimia. Walipeana mikono. Mwenzetu alimwambia, "Asante kwa kumtunza mume wangu." Neno hilo la kutunza, unajua mwenyewe lina pande ngapi. Mwenye gauni la kijani alirudi mezani kwake.

Chemko

Sehemu ya pili ilikuwa na nyimbo za zamani zaidi, na watu walikuwa wamechangamka. Tulicheza. Naam, tulicheza, kwa adabu, karibu na meza yetu, tena aliyeanza si kijana. Wimbo mmoja ulipofika kwenye chemko mwenzetu alifungua pochi, akatoa noti ya elfu mbili, akaenda kwa mwendo ule wa kucheza wa akina mama wa zamani, mabega yakitulia na miguu ikisema yote. Watu walimpisha. Alipanda ngazi ya kwanza, ya pili, akafika kwa mume wake, akaichomeka noti ile mfuko wa kushoto, upande ambao elfu kumi haikuwekwa.

Shemeji alikosa pigo. Pigo moja tu, lakini bendi nzima ilisikia; mpiga drams aligeuka, waimbaji wakatazamana, na mzee wa meza ya jirani akatupigia makofi kama kwamba sisi ndio tuliokosea. "Si niliwaambia? Chumvi!" alisema.

Kijana wa bajaji alifika saa saba na nusu kweli. Shemeji alibaki mpaka bendi ifunge vyombo, na mkewe naye akabaki. Alituambia twende tu. Yeye atarudi na mume wake kwa gari la bendi, akikaa kati ya spika. Hiyo nayo hakuwahi kuifanya.

Kuna wasomaji watakaotaka kujua hesabu. Kwa kila mmoja wetu usiku ule ulikuwa chini ya shilingi elfu ishirini, kiingilio, soda, mishikaki na usafiri vikiwa ndani. Mmoja wetu alipiga hesabu hiyo mbele ya mume wake, yule aliyeuliza watu watasemaje, akamwomba naye ataje anachotumia kila mwisho wa mwezi akienda peke yake. Mume alisema hakumbuki vizuri. Mwezi uliofuata walikwenda pamoja, wakarudi saa tano kwa sababu yeye ndiye aliyesinzia.

Kuna jambo tulilolitambua kwa kuchelewa. Wanamuziki wale kumi wana wake, na wengi wa wake hao nao wako nyumbani wakisikiliza nusu. Nyimbo walizopiga vijana hao kwa miaka mingi zilirekodiwa Radio Tanzania, zikanakiliwa kwenye kanda na kuuzwa vibandani, na wao hawakupata kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, lakini kwa nyimbo nyingi za kina shemeji ilifika kanda zikiwa zimekwisha kuuzwa zikachakaa. Mama huyu ana bahasha yenye mikataba mitatu ya mumewe ambayo hakuna aliyepata kuisoma mpaka mwisho. Kijana wake mmoja amejitolea kuisoma. Kama una mume, baba au kaka wa kazi hiyo, uliza bahasha yake iko wapi.

Wiki mbili baadaye tulipita nyumbani kwake kuchukua mchango wa msiba. Ilikuwa alasiri. Shemeji alikuwa sebuleni kwenye kiti chake cha kamba, gitaa mapajani, akifanya mazoezi: ka-ka, kaka-ka, ka-ka, kaka-ka. Mara kwa mara alisimama, akaukunja na kuukunjua mkono wa kushoto, akaendelea. Wajukuu walikuwa wakiangalia katuni, na mmoja akaongeza sauti ya televisheni. Bibi yao alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaizima, akarudi kwenye sufuria yake. Tukiwa tumekaa pale tukihesabu fedha za msiba, tulimsikia kutoka jikoni akiimba kwa mdomo, pa-raa, pa-pa-raa, kila mapigo yalipofika mahali pake, sehemu ya tarumbeta.